Jina la Kuka Shikanga

Katika boma nililoolewa, Mungu anashika nafasi ya pili. Wa kwanza ni Kuka Shikanga, yaani Babu Shikanga, mzee aliyemzaa babu ya mume wangu Sammy.

Huyu Shikanga alikwenda vita vya Burma akiwa askari wa Mwingereza, na huko akambeba mgongoni mwenzake aliyepigwa risasi, akamtoa msituni hadi kambini. Hiyo naikubali. Lakini watu wetu hawajui kuiacha hadithi pale ilipo. Kila tukikusanyika, mzigo wa Shikanga unaongezeka. Nilipoolewa, waliobebwa walikuwa wamefika wawili. Krismasi iliyopita baba mkwe wangu, mzee Chrispinus, aliongeza afisa Mzungu pamoja na sanduku lake la chuma, na watu wazima wakapiga makofi.

Pamoja na sifa hizo zote, hakuna mtoto aliyewahi kupewa jina lake. Kwetu huku marehemu ndiye anayemchagua mtoto. Mtoto akilia bila kukoma, wazee wanakaa naye, wanamtajia majina ya waliokufa moja baada ya jingine, na lile analolinyamazia ndilo lake. Watoto wengi wa ukoo walishajaribiwa. Mmoja alilinyamazia jina la mjomba mlevi, na likabaki hivyo hivyo. Shikanga alikuwa bado hajamtaka mtu.

Kwa hiyo mwanangu alipoanza kulia, boma zima lilifurahi.

Alikuwa mchanga bado, hata kitovu hakijakauka vizuri. Alilia asubuhi, akalia mchana, akakataa ziwa. Nilimgusa nikakuta mwili unachemka, na utosini pamevimba. Nikamwambia Sammy, "Twende hospitali Mukumu. Pikipiki ziko hapo barabarani." Sammy akamtazama baba yake. Ndivyo alivyo, hana neno mpaka baba yake aseme.

"Gentrix, mama, tulia," mzee akasema. "Mtoto wa hii boma haliangi bure. Kuna mtu anamtafuta. Na unajua bibi ya Were ako karibu kujifungua. Unataka jina iende Likuyani?"

Were ni binamu ya Sammy. Baba yake alihamia Likuyani kulima mahindi, na tangu hapo tunashindana nao kwa kila kitu, kuanzia mabati ya nyumba hadi watoto.

Nilisimama na mwanangu nikaelekea mlangoni. Mzee akanizuia njiani, akamchukua mikononi mwangu kwa upole kabisa, kama mtu anayepokea sahani ya chakula, akampa nyanya yetu, Kukhu Maximilla. Huyo bibi kizee ndiye mtoto pekee wa Shikanga aliyebaki hai. Kuku alikuwa ameshachinjwa, majirani wamejaa sebuleni. Nilisikia chuki ikinipanda kifuani, na sitadanganya kwamba imeshuka.

"Kama ni wewe Osundwa, nyamaza unyonye," Kukhu akasema.

Mtoto akalia. Akatajiwa mwingine, akalia. Kukhu akamwekea kiganja tumboni, akasita.

"Huyu mtoto ako na moto, Chrispinus. Mwili yake si mzuri."

"Hiyo ni damu ya askari, Senge. Wewe endelea tu," mzee akamwambia shangazi yake.

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza kilio. Kilikuwa kimeanza kuwa chembamba, kinakatika katikati, kinarudi, kama paka aliyefungiwa nje. Niliwaambia. Nilisema kwa sauti, "Msikilizeni, anaishiwa nguvu!" Jirani mmoja akanishika bega akaniambia nisiwakatishe wazee.

"Kama ni wewe, baba," Kukhu akasema, na sauti yake ikabadilika, "kama ni wewe Shikanga, nyamaza."

Akanyamaza.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, harusi yangu haikuvipata. Mzee Chrispinus alitokwa na machozi mbele ya watu. Sammy alishaweka simu sikioni, anapigia Likuyani. "Amekuja!" alikuwa anapayuka. "Kuka amekuja kwetu!"

Nilimnyakua mwanangu. Macho yalikuwa wazi na hayanifuati. Nikamfinya unyayo, hakuvuta mguu.

"Hajatulia huyu!" nikapiga kelele. "Anakufa!"

"Amechoka," mzee akajibu, bado anatabasamu. "Mwache Kuka apumzike."

Nilitoka mbio bila viatu. Mwenye pikipiki alinionea huruma, akaendesha kama mwizi. Hospitalini muuguzi alimpokea akikimbia, daktari akafanya alichoweza kufanya, lakini mwanangu alikuwa amekwisha kwenda tukiwa njiani. Daktari akaniuliza alianza kuugua lini. Nilipomwambia, aliangalia viatu vyake. Afadhali angenitukana.

Tulimzika kesho yake karibu na migomba. Sammy alikuwa ametengeneza msalaba wa mbao na kuuandika kwa rangi nyeupe: SHIKANGA. Lilikuwa jambo la kwanza kumwona akifanya bila kumuuliza baba yake, na kwa ajili ya hilo nilimpenda tena kidogo.

Katekista alikuwa kwenye sala mzee Chrispinus aliposogea, akausoma ule msalaba, akamvuta Sammy kando. Hakuwa na adabu ya kunong'ona.

"Hiyo jina itoke."

"Baba?"

"Senge alikosea. Amezeeka. Mtu alibeba wazungu mgongoni, atakuja kweli akae siku mbili tatu, arudi chini kama kifaranga? Hakuwa yeye. Na bibi ya Were ameshikwa na uchungu. Wanauliza kama jina iko huru."

Watu wote wakaangalia chini. Kukhu Maximilla akajifunika mdomo kwa leso. Na Sammy, huyo huyo niliyeanza kumpenda tena, akatoa kisu mfukoni akaanza kukwangua rangi.

Nilipita katikati ya watu nikasimama mbele ya mzee. Mkwe hasimami hivyo mbele ya baba mkwe, najua. Nilimuuliza:

"Baba, kama Kuka hakuja, ni nini kilimnyamazisha mtoto wangu?"

Aliokota jembe akaanza kufukia kaburi yeye mwenyewe, haraka haraka, na katekista hajamaliza kusali.