Jogoo wa Shingo Tupu

Tangu aolewe huko Malava, Nanjala hakuwahi kuonewa wivu na mtu. Wivu wa nini? Miaka ilikuwa imepita bila mtoto, na mama mkwe wake, Rachael, hakuacha kumkumbusha. Alichokuwa nacho ni kuku wa shingo tupu, uzao wa wale aliopewa na marehemu mamake, na jogoo wao mwekundu aliyemfuata hadi mtoni kama mbwa.

Kisha akaja Daktari Chepng'etich, mtafiti wa chuo kikuu, akizunguka boma kwa boma kutoa kuku damu kidogo chini ya bawa. Aliporudi na majibu, aliketi uani na Nanjala na mama mkwe wake.

"Kuku wa hapa karibu wote ni ndugu," alisema. "Tumepima vinasaba vyao, vinafanana mno, maana kila mtu hununua vifaranga pale pale. Ugonjwa wa kideri ukiingia, utafagia wote. Lakini hawa wako, mama, wamebeba urithi ambao wengine hawana. Hasa huyu jogoo. Sijaona mwenzake kutoka hapa hadi Lugari."

Aliomba ampeleke chuoni akazalishwe, kisha wanakijiji wagawiwe vifaranga. Angekuja Alhamisi kumchukua. Nanjala alicheka kwa furaha hadi akaona haya.

Rachael alingoja gari liondoke. "Damu ya kuku wako inasifiwa," akasema. "Na yako je? Imeleta nini katika boma hili?"

Alhamisi Nanjala alikwenda sokoni kumnunulia mgeni mkate na sukari. Aliporudi, sufuria ilikuwa inatokota na Rachael anasonga obusuma, ugali wa mgeni. Alikimbilia kibanda cha kuku. Kitupu. Nyuma ya jiko, manyoya mekundu yalikuwa yamelowa maji moto.

"Mama, umefanya nini?"

"Mgeni huchinjiwa kuku, ingokho. Au kwenu hamkufunzwa adabu? Futa machozi, upakue."

Mumewe, Wanzala, alikuwa amesimama mlangoni. Nanjala alimtazama.

"Fanya vile Mama anasema," akajibu, macho chini.

Basi akapakua. Daktari alipofika, Nanjala alimnawisha mikono. Chepng'etich alikula kwa hamu, akausifu mchuzi, akaongezwa paja. Firigisi ilikwenda kwa Wanzala, kama desturi ilivyo.

"Haya, sasa niletewe mzee wetu," daktari akasema akijipangusa. "Nimekuja na kizimba chake."

Rachael alimgeukia Nanjala. "Mwambie mgeni, mke wa mwanangu."

Nanjala aliinama, akaanza kupanga sahani.

"Umemla, daktari," Rachael akasema kwa upole, huku akikusanya mifupa. "Alikuwa mgumu kidogo, lakini nyama ni nyama."

Chepng'etich alishika meza. Akauliza mitetea wako wapi. Rachael alikuwa amewauza asubuhi ile kwa mchuuzi aliyekuwa anaelekea Webuye. Akatoka nje mbio, akasikika akitapika kando ya gari.

Nanjala alimfuata na maji. Daktari hakuyapokea.

"Ulikuwa umesimama pale," alimwambia, macho yamemwiva. "Ukaniona nikila. Hata neno moja, mama?"

"Daktari, mimi..."

Mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo. Nanjala alibaki na kikombe mkononi hata vumbi lilipotulia.

"Nanjala!" Wanzala aliita kutoka ndani. "Kuna mchuzi umebaki?"

Akaingia, akampakulia.