Msichana Aliyeshushwa Kizuizini

Wakati sisi hapa Gbarnga, Liberia, tunauana, Esinam alikuwa mwandishi wa redio kutoka Ghana, akituma habari zetu kwao. Vita vilipokwisha aliacha kazi ile, akaanza kuandika riwaya juu ya wanawake walionusurika humo. Kabla ya kuipeleka kwa wachapishaji, alirudi kutusomea wenyewe. Tulikusanyika mchana katika ukumbi wa akina mama wa soko, mvua ikipiga bati.

Alianza na mama aliyekuwa akiwavusha wasichana hadi ng'ambo ya mto kwa lori la mihogo, amewafunika magunia. Jina alikuwa amelibadilisha, lakini nani asingemjua Lorpu? Akina mama walicheka. Mmoja akamtania kwamba kitabuni amekonda, mwandishi kamnyima makalio yake. Lorpu hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Kando yake alikaa Yassah, mwenzake wa miaka mingi. Waliuza mawese kibanda kimoja. Binti wa Yassah, Nyamah, alisafiri na lori lile. Lorpu alirudi akasema homa imemchukua njiani, wamemzika kando ya barabara.

Kisa hiki Esinam alisimuliwa na Lorpu mwenyewe, lakini hakujua kwamba mama wa msichana yumo ukumbini. Akaendelea kusoma: lori limesimamishwa kizuizini, kamanda wa waasi amesikia kikohozi chini ya magunia, sasa anamwambia yule mama achague. Atoe mmoja, au washuke wote.

Lorpu akasimama.

"Esinam, mdogo wangu, ishia hapo. Yaliyobaki nitayasema mwenyewe."

Akamgeukia Yassah, akamwambia hapakuwa na homa wala kaburi. Aliyekohoa ni Nyamah, na ndiye aliyemtoa. Wenzake wakavuka. Yeye hakuonekana tena.

Yassah hakupiga yowe. Alifungua kilemba chake, akakifunga upya taratibu.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu," Lorpu akajibu. "Alidhani tunashuka wote. Akanipa mkono nimsaidie kushuka."

Yassah akainuka, akatoka mvuani. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Esinam alikuwa akilia, akiapa kwamba hakujua, kwamba sura ile ataifuta yote. Lorpu alikaa chini, na hata sisi tuliozoea kumkumbatia hatukujua tumguse au tumwache.

Tulipodhani Yassah amekwenda zake, tukamwona mlangoni, nguo zimemganda mwilini. Hakumtazama Lorpu. Alimuuliza Esinam yule msichana kitabuni anaitwa nani. Esinam akataja jina alilolibuni.

"Wengine wabadilishe upendavyo," Yassah akasema. "Wangu aitwe Nyamah. Na usimuue humo ndani. Mimi sijaona maiti."

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Nyamah yumo, kwa jina lake, na kurasa zake zinaishia pale anaposhuka.

Yassah alihamishia mawese yake upande wa pili wa soko. Yeye na Lorpu husalimiana wakikutana, basi. Lakini kila anapofika mgeni kutoka ng'ambo ya mto, Yassah humkalisha, akamuuliza kama kule amewahi kusikia mwanamke aitwaye Nyamah, mwenye pengo la meno ya mbele. Mgeni akishavuka soko kuja upande wa huku, Lorpu naye humsimamisha, akamuuliza yaleyale.