Kura ya Mwenyekiti

Klabu ya Wahafidhina ya Ashclough, mji mdogo wa viwanda Uingereza, ilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Kura zikifungana, mwenyekiti huyaacha mambo yalivyo. Haangalii rafiki wala adui. Asiyejua la kufanya asibomoe. Ndivyo walivyosema wafumaji wa pamba walioijenga klabu ile, na Wilf Aspinall, aliyekuwa mwenyekiti tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakuwahi kuumiza kichwa juu ya jambo hilo.

Jumamosi ile ya Januari kichwa kilimuuma tangu asubuhi. Mkutano ulikuwa uamue kama Cedric Ormerod atabaki mgombea wao wa udiwani au atawekwa kando. Aliyeleta hoja ya kumweka kando alikuwa Lorraine, binti yake Wilf wa kumzaa.

Cedric alikuwa na duka la dawa, Wilf alikuwa na bucha mlango wa pili. Cedric ndiye aliyemwingiza chamani. Kwa miaka arobaini hawakuitana majina yao: huyu alikuwa Dawa, yule alikuwa Bucha. Hata kiwanda cha pamba kilipofungwa, na Wilf, akiwa amelewa maneno mapya ya wakubwa wa chama London, akasema kisichoweza kusimama kwa miguu yake na kianguke, waligombana hadi mate yakaruka.

"Mkono wa serikali uwe mfupi, sawa, Bucha," Cedric alimwambia. "Lakini usikatwe."

Akaenda zake kanisani na mkewe Muriel kuwapakulia supu waliofukuzwa kazi. Ijumaa wakacheza domino kama kawaida. Chama kilikuwa kipana, kiliwatosha wote wawili.

Kabla ya mkutano Lorraine alimfuata baba yake jikoni, alipokuwa akipasha moto pai.

"Baba, nakujua. Zikifungana utambakiza."

"Ndiyo desturi."

"Babu alisema kanisa na Mfalme. Wewe ukasema soko, na babu akanuna mpaka akafa. Leo ni zamu yetu. Sisi tunasema nchi kwanza. Watu walipiga kura tutoke Umoja wa Ulaya, na Mzee Cedric bado anawaambia barabarani kwamba walikosea!"

"Ana haki ya kusema."

"Aseme, lakini si kwa jina letu. Ukimbakiza, tunaondoka. Sote. Mtabaki nyinyi na domino zenu."

Hakuwa anatisha tu. Wilf alichungulia ukumbini. Waliogonga milango ya watu kuomba kura walikuwa upande wa Lorraine. Wa upande wa Cedric walikuja na mikongojo. Bila wale, klabu isingefika Krismasi.

Mkutanoni Cedric alisimama akishika kiti. "Nchi ni nyumba ya kurithi," alisema. "Unatengeneza paa lake, unagombana na jirani, lakini huhami kwa hasira."

"Hamia Paris basi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Na magoti haya, kijana? Hata ngazi za hapa zinanishinda."

Wote walicheka, hata Lorraine. Kisha wakapiga kura, na kura zikafungana.

Cedric akakaa. Alichukua miwani yake akaifuta taratibu, kama mtu ambaye kazi yake imekwisha. Hakumtazama hata Wilf. Kwa nini amtazame? Aliijua desturi. Na huko kutomtazama ndiko kulikomchoma Wilf kuliko kisu chochote alichowahi kushika.

"Mwenyekiti," Wilf alisema akiinuka, "anapiga kura tutafute mgombea mwingine."

Hakuna aliyeshangilia. Mwanamke wa kaunta aliacha kufuta glasi. Lorraine mwenyewe aliinamisha macho.

Lakini mkutano haufungwi mpaka glasi inyanyuliwe kwa heshima ya Malkia, na anayenyanyua ni mwanachama mzee kuliko wote. Mzee kuliko wote alikuwa Cedric. Watu walingoja. Akajiinua kwa shida, akanyoosha mgongo, akanyanyua bia yake.

"Malkia," alisema.

"Malkia," waliitika wote.

Akanywa, akafuta kwa leso alama ya glasi mezani, akachukua koti. Wilf alimkuta kwenye ngazi, akishuka kidato kimoja kimoja.

"Dawa, ningefanya nini? Klabu ingekufa. Wewe ndiye uliyenifundisha: usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Kweli nilikufundisha," Cedric alisema bila kugeuka. "Sikujua tu kwamba ufa ni mimi."

Ijumaa Wilf alipanga domino, akakaa nazo peke yake. Vijana walimnunulia bia, wakampigapiga begani, wakamwita shujaa. Klabu ilijaa. Aliinywa bia ile kama mtu anayemeza kidonge.

Jumapili alipika pai ya nguruwe kwa mikono yake, ile ambayo Cedric huisifu kwa matusi, akaipeleka huku mvua ikinyesha. Njiani alijiandalia maneno. Alitamani atukanwe. Mtu akikutukana, bado mko pamoja.

Mlango ulifunguliwa. Cedric alikuwa amevaa tai, kama kila Jumapili.

"Habari za asubuhi, Mwenyekiti."

Wilf alinyoosha mikono yote miwili. "Nimeleta pai," alisema.

"Umefanya vizuri sana, Mwenyekiti. Muriel atafurahi. Jihadhari na ngazi, zinateleza."

Alisema kwa upole kabisa, kama alivyokuwa akisema na wageni dukani. Kisha akafunga mlango, bila kuubamiza.

Wilf alibaki kizingitini, maji yakimchuruzika shingoni. Kutoka ndani alisikia sauti ya Muriel ikiuliza nani alikuwa mlangoni.

"Mtu wa chama," alijibu Cedric.