Dada Lammigje Hajaambiwa Aketi

Fokko, mtunza kanisa, alipitisha mashine ya kufyonza vumbi mbele ya safu ya kwanza, akaizunguka miguu ya Dada Lammigje, kwanza wa kushoto halafu wa kulia, akaendelea hadi chini ya mimbari. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Kwenye meza ya pembeni Wietske Hamming, katibu wa baraza la wazee, alikuwa na madaftari kumi na moja ya kumbukumbu za vikao na kikombe cha kahawa iliyopoa. Alikuwa akiandika kijitabu cha historia ya kanisa, cha kuagana. Kanisa la Chemchemi, kwenye kitongoji nje kidogo ya mji wa Zwolle, Uholanzi, lilikuwa limeuzwa. Ndani yake zingejengwa nyumba tisa za kupanga. Washarika waliosalia walikuwa mia moja arobaini na watatu, pamoja na Dada Lammigje, au bila yeye; hapo ndipo hesabu ilipokuwa ikivurugika kila mwaka.

Kwenye orodha ya washarika hakuwamo. Kwenye kahawa ya Jumapili alikuwamo, kwa sababu Fokko alihesabu vichwa, hakuhesabu majina. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, koti la sufu la kijivu, tumbo la miezi mitano, amesimama mbele ya mimbari akiwaelekea watu. Maua yaliwekwa kulia kwake. Wazazi waliokuja kubatiza walisogea kushoto. Mahubiri yalipoanza na peremende zikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, kama ilivyo desturi, ya mwisho katika safu ya mbele ilikuwa yake. Aliipokea, akasema asante.

Wietske alikuwa amesali hapo miaka thelathini na mmoja. Watoto wake wawili walibatizwa huku kiwiko chake kikigusa lile koti la sufu. Hakuwahi kumuuliza chochote.

Kumbukumbu za Novemba 1958 zilikuwa na mwandiko mzuri, ulioinama kidogo kulia.

"Ajenda ya nne," Wietske alisoma. "Jumapili iliyopita Dada L. Poel aliitwa asimame mbele ya usharika, akiri kosa la kuvunja amri ya saba, usizini. Alisimama. Alikiri. Ajenda ya tano: makaa ya jiko."

Alirudia. Alifungua ukurasa wa pili, labda neno limerukia huko. Makaa yalichukua ukurasa mzima. Akatazama kikao cha Desemba: kumbukumbu zilisomwa, zikathibitishwa bila marekebisho.

"Fokko! Humu hawajaandika kwamba aketi."

Fokko alizima mashine. "Nani?"

"Lammigje."

"Aa. Ndiyo maana," alisema Fokko, akaiwasha tena.

Wietske alichukua kiti, akakiweka nyuma ya msichana. Yeye mwenyewe zamani, mimba ya miezi mitano ilimvimbisha miguu hadi akawa anavaa viatu vya mumewe. Hakujua amwite mwanangu au amwite mama. Kwa sura alikuwa mdogo kuliko binti yake. Kwa daftari alikuwa na miaka themanini na saba.

"Kaa, dada. Miguu hiyo."

"Sijaambiwa."

"Nakuambia mimi."

"Kwani wewe nani?"

"Katibu wa baraza."

Lammigje alimtazama kutoka viatu hadi miwani. "Katibu mwanamke?"

"Siku hizi, ndiyo."

"Na imeandikwa?"

"Bado."

"Haya, ikiandikwa njoo."

"Na mwanamume je? Amri ya saba haivunjwi na mtu mmoja."

Lammigje alitazama alipokuwa akitazama siku zote, safu ya tatu, kiti cha ukingoni, ambacho siku hiyo kilikuwa kitupu. Kila Jumapili kilikuwa cha Mzee Derk Aalbers. Juu yake ukutani palikuwa na saa, na kwa miaka thelathini na mmoja Wietske alidhani msichana anaangalia saa. Alirudi mezani, akatafuta chini ya ukurasa jina la katibu aliyeandika ule mwandiko mzuri. D. Aalbers.

Baraza lilikutana Jumatano jioni, kahawa kikombe kimoja na biskuti moja kwa kila mtu. Walikuwa watano, na Mzee Derk alialikwa kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote na kilikuwa kikao cha mwisho. Mwenyekiti, Ndugu Rinze Oosting, alifika kwenye yatokanayo, na Wietske akanyoosha mkono.

"Yatokanayo na kikao cha lini?" aliuliza Rinze.

"Novemba hamsini na nane."

"Mbali huko, dada."

"Tumechelewa. Naomba liongezwe neno moja: akaketi."

Rinze alipekua kanuni. Kumbukumbu zilizokwisha kuthibitishwa hurekebishwa na waliokuwepo, si na wengine. Akauliza ni nani aliyekuwepo na bado yupo. Wanne walitazama vikombe vyao.

"Mzee Derk," alisema Wietske, "aliketi au hakuketi?"

"Niliandika kilichotokea."

"Hujajibu."

"Sikumbuki. Nilikuwa nimeinama, naandika." Alikuwa na miaka tisini na mmoja na mikono iliyotulia.

"Basi sema sasa. Aketi. Neno moja tu, naliandika, tunakwenda nyumbani."

Mzee Derk alitoa peremende mfukoni, akaibandua karatasi polepole. "Nikisema, watu watauliza kwa nini mimi."

"Hatauliza mtu, Mzee. Sote tunajua."

Wietske alijisikia akisema hivyo, akashangaa kwamba ni kweli. Alizungusha macho mezani, na kila mmoja alikuwa na uso wa mtu aliyejua tangu zamani, hata yeye aliyejua tangu Jumatatu. Hakuweza tena kupambanua nani alimficha nani.

Rinze alikohoa. "Jambo zito kama hili liletwe kwa maandishi, kikao kijacho."

"Hakuna kikao kijacho, Rinze. Ijumaa tunakabidhi funguo."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Rinze, akapita kwenye mengineyo.

Kwenye mengineyo lilikuja suala la mkataba. Jengo lilitakiwa kukabidhiwa tupu na limefagiliwa. Walijadili kwa nusu saa kama Dada Lammigje ni sehemu ya jengo au ni kitu kilichomo. Hatimaye wakili wa mauzo aliulizwa kwa simu, akasema si tatizo, ataongeza kifungu: mnunuzi anapokea nyumba pamoja na mwanamke mmoja aliyesimama, mita moja ya mraba. Ramani iliangaliwa. Angekuwa jikoni, nyumba namba nne, karibu na dirisha. Walikubaliana kwamba pana mwanga mzuri. Wietske aliandika yote, kwa sababu yote yalitokea.

Ijumaa saa tano wakili alipita na orodha yake. Mimbari imetoka, saa imetoka, kinanda kimekwenda kwa Wamethodisti. Ukumbi ulikuwa mtupu na umefagiliwa. Dada Lammigje alikuwa mahali pake. Nyuma yake palikuwa na kiti.

"Hiki cha nani?" aliuliza wakili.

"Chake," alisema Wietske.

"Kwenye mkataba yumo yeye. Kiti hakimo."

"Ni kiti tu."

"Ni mali inayohamishika, mama. Ama kitoke, ama tuahirishe."

Wietske alimtazama Mzee Derk, aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi, akisubiri kurudishwa nyumbani kwa gari la Wietske. Alimtazama kwa muda mrefu. Kwa neno moja angeketi, na kiti kingebaki.

"Fungeni mlango," alisema Mzee Derk. "Baridi inaingia."

Wietske alikibeba kiti hadi kwenye gari. Hakikuenea vizuri, ikabidi miguu yake itokeze katikati ya viti vya mbele, na Mzee Derk aliketi akiwa ameibana kwa goti. Wietske alipowasha gari aligeuka mara moja. Kupitia dirisha lisilo na pazia alimwona Lammigje akihamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia, mkono mmoja kiunoni, kama mwanamke yeyote wa miezi mitano anayesubiri kuitwa.