Picha Mbili, Dirisha Namba Tatu

Saluni yangu ina viti vitatu na midomo kumi na mitano. Wako wateja ambao nywele zao hazihitaji kuguswa mwezi mzima, lakini kila Alhamisi wamo, maana habari haisubiri nywele ziote. Nami nyumba isipojaa, siku hiyo chakula hakishuki.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni karani wa masjala mahakamani. Ndiye aliyekuwa akiniletea karatasi zilizoharibika kwenye mashine, zile zilizotoka na nembo juu, chini tupu. Mimi nazikata vipande vya kuzungushia ncha za nywele kabla ya kuweka rola. Hairuhusiwi, tunajua.

"Zikifika tu, kata," aliniambia siku ya kwanza. "Ikionekana moja nzima huko nje, kazi sina."

Nikasema sawa, wifi.

Sasa, juu ya kibanda cha fundi viatu wa mtaani kwetu kuna chumba anamosali yeye na waumini wake kumi na mmoja. Dini yao ndogo, lakini ina makofi. Jirani akawashtaki kwa kelele. Kesi ikazunguka miaka miwili, hukumu ikatoka: wako huru kabisa kuabudu, makofi yakiwemo, mradi yasisikike upande wa pili wa ukuta. Wiki hiyo hiyo fundi akawagawia watu wake soksi za kuvaa mikononi.

Soksi zile zilinimaliza. Nilicheka, kisha nikakasirika, na hasira yangu hutokea mlango wa utani. Nikachukua karatasi moja nzima ya wifi, nikaenda kwa mpiga chapa wa mlango wa pili, nikamsomea, akapiga:

"Kwa kuwa uhuru wa kuabudu ni wa kila mtu, na kwa kuwa kila mtu ni wengi mno, inaamriwa hivi: kila muumini afike dirisha namba tatu na picha mbili, aandikishe jina la anayemwabudu, anakopatikana, na saa zake za kazi. Asiyeandikishwa haruhusiwi kusikiliza maombi."

Nikagonga muhuri wa saluni, ambao umechakaa hadi limebaki duara tu. Nikabandika kwenye kioo.

Alhamisi nikawasomea kwa sauti ya hakimu mwenye mafua. Nikasubiri kicheko. Kikaja kimya, tena kile cha mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

"Picha za rangi?" akauliza mwalimu mstaafu, kichwa kikiwa ndani ya draya.

"Mama, ni utani huo."

"Hata ile ya kuandikisha baiskeli tulisema utani. Nikasimama foleni siku mbili."

"Na muhuri unao," akadakia muuza vitambaa, akiitazama karatasi bila kuisoma. Muhuri jamani hausomwi, unaogopwa.

Jioni nafagia, nainua macho, kioo kitupu.

Jumatatu wifi akaingia, akakaa kiti cha kati. "Nisuke," akasema. Nilikuwa nimemsuka siku tisa tu nyuma, mistari bado imenyooka. Nikaanza kufumua.

"Leo fundi viatu alikuja dirishani kwangu," akaniambia kupitia kioo. "Na watu wake wote. Kila mmoja na picha mbili."

"Wamefuata nini?"

"Wana amri mkononi. Karatasi yetu, nembo yetu. Karani mkuu anauliza nani anatoa karatasi nje. Masjala tuko wawili, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi."

Mwalimu mstaafu akaanza kuzichunguza kucha zake. Muuza vitambaa akakumbuka ameacha duka wazi. Mpiga chapa, ambaye hajawahi kukanyaga kwangu, alichungulia mlangoni akaomba chumvi, akaondoka kabla sijampa. Kila mmoja nilimwona ndiye aliyebandua, na kila mmoja aliniangalia kama aliyejua nani aliandika.

Wifi akanyoosha mkono, akaokota kipande kwenye trei ya rola.

"Mbona leo mnatumia gazeti?"

"Zako ziliisha."

"Nilileta furushi wiki jana, wifi."

Chanuo likasimama lenyewe. "Ni mimi," nikasema. "Nilitaka watu wacheke."

Hakugeuka. "Kesho saa nne naitwa. Uje useme. Usipokuja, nitajua moja."

Nikaenda. Nje ya masjala fundi viatu alikuwa kwenye foleni, soksi zikichungulia mfukoni. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kila kitu: karatasi, muhuri, utani.

"Dada yangu," akasema taratibu, "hata ile hukumu ya kwanza nilipoisoma nilidhani ni utani." Akarudi kwenye nafasi yake asije akapitwa.

Karani mkuu alinisikiliza hadi mwisho, kalamu haijagusa chochote. Mbele yake palikuwa na jalada jipya.

"Nani kakutuma useme hivi? Yule jirani?"

"Hakuna. Karatasi niliichukua mimi, wifi yangu hana kosa."

"Humu mna picha ishirini na nne," akasema, akiligonga jalada. "Tulishazipokea na kuzipa namba. Kama hakuna amri, tumezipokea za nini?" Akanikazia macho kama anatafuta waya wa kunasia sauti nilioficha. "Amri ipo. Na kama ipo, karatasi haikuibwa, ilitolewa kazini. Karani wetu anaendelea na kazi yake."

Nilishusha pumzi niliyoibeba tangu jana.

"Wewe sasa," akasema, "unaabudu wapi?"

Nikatoka na fomu mkononi, nikasukumwa kwenye foleni nyuma ya fundi. Pale kwa saa za kazi, yeye alikuwa ameandika "wakati wote", mwandiko mzuri kabisa. Ilipofika zamu yangu, wifi alikuwa upande wa pili wa kioo, nywele zimesukwa nusu, nusu kafunga kitambaa. Akaniangalia kama anavyomwangalia yeyote aliyefika pale.

"Picha mbili," akasema. Hakuniita wifi.