Uyoga Nilioupita

Binti yangu Gaudensia anasomea mawe ya angani yanayopita karibu na dunia. Alipokuja likizo hapa Kaliua akaniambia wamekadiria yako mangapi, pamoja na yale ambayo hayajaonekana bado. Nikamwambia asinifanye mtoto. Kitu hujakiona, unakihesabuje?

Ndiyo kwanza tulikuwa tunatoka msituni na uyoga, akanigeuza tukarudi. Akaniambia nifumbe macho. Akachukua vikapuni uyoga kidogo mweupe na kidogo wa kahawia, akaupachika huku na huku kwenye majani makavu.

"Haya mama, tafuta."

Mweupe niliuokota wote. Wa kahawia nilipata nusu tu, na mimi ndiye ninayejisifia macho kijiji kizima.

"Mawe nayo ni hivyo hivyo," akasema. "Yanayong'aa tunayaona, meusi yanatupita. Ila tukishajua yanatupita kwa kiasi gani, tunajua na yaliyobaki. Leo umechuma kikapu kimoja cha uyoga wa kahawia. Basi msituni vilikuwepo viwili."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kila msimu jirani yangu Apolinaria huja msituni nyuma yangu, nami humwambia arudi tu nyumbani, nimeshamaliza. Hunishukuru kwa adabu, huingia, na jioni yuko stesheni anauza uyoga wa kahawia, kikapu kizima. Miaka yote nilijua ana dawa.

Nikajifunga kanga vizuri, nikaanza upya palepale, kabla Apolinaria hajafika.