Daraja la Timazi

Mafundi walimwita Timazi, jina la ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kwa sababu ukuta wake haukuwahi kupinda hata unywele. Miaka sabini na miwili ilikuwa imemchosha magoti, lakini jina lilikuwa bado limesimama wima, na mzee alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Siku chama cha wakandarasi kilipomwomba aende nao barazani kuuombea mji fedha za barabara, mifereji na daraja la bondeni, alivaa koti lake la kuendea harusi za watu akakaa kiti cha mbele.

Mwenyekiti wa chama alisoma taarifa ndefu. Alianza, kama wanavyoanza wote, na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Tusidanganyane, wakandarasi nao walikuwa na njaa ya kazi. Lakini alichosema kilikuwa kweli: mifereji ilijaa mchanga, na mvua za mwaka uliopita zilipandisha maji mpaka ukingoni mwa daraja.

Mhazini wa mji alisikiliza huku akigongagonga kalamu mezani.

"Mifereji sawa. Barabara sawa," alisema. "Daraja lisubiri, fedha za umma haziwezi kutosha kila kitu. Na lile si alilijenga mzee wetu huyu? Timazi mwenyewe! Chema chajiuza, jamani. Lile litatuzika sote."

Ukumbi ukacheka, watu wakampigia mzee makofi.

Timazi hakucheka. Alikuwa akimfikiria binti yake, muuguzi, ambaye alilivuka daraja lile asubuhi na jioni. Miaka yote mvua ikinyesha alimwambia apite njia ya juu, akisingizia matope.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita mji ulikata fedha kazi ikiwa nusu. Nondo ziliisha, na mvua zilikuwa mlangoni. Nondo zilizotakiwa kupangwa kila shubiri moja, yeye aliamuru zipangwe kila shubiri mbili, kisha akamwaga zege alfajiri kabla mkaguzi hajafika. Mkaguzi alikuta uso laini kama sahani, akasifu. Timazi akachukua msumari na kuandika jina lake kwenye zege bichi, kama walivyofanya mafundi wakuu wa siku zile. Hilo la msumari ndilo lililomchoma kuliko yote.

Alisimama. "Mheshimiwa Meya, nina neno. Lile daraja si zima."

Mwenyekiti wa chama alimvuta koti. "Mzee, keti. Utatuharibia sote."

"Niachie koti langu," alisema Timazi, kisha akawageukia madiwani. "Lile daraja lina nusu ya nondo zake. Ni kweli mlitukatia fedha, lakini mkono uliofunika ni huu. Ningeweza kusimamisha kazi, nikaja hapahapa nikasema hazitoshi. Niliogopa kuonekana fundi aliyeshindwa, nikanyamaza."

Mhandisi wa mji, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliuliza, "Una ushahidi gani, baba?"

"Toboeni chini ya jina langu. Mkikuta nondo za kutosha, niiteni mwongo."

Walitoboa, na hakuitwa mwongo. Wiki hiyohiyo daraja lilifungwa na baraza likapitisha fedha. Chama kilipata kazi, kikashukuru kimyakimya, na picha ya Timazi ikashushwa ofisini kwao. Mafundi aliowafundisha kushika mwiko walimpita sokoni kama hawamjui. Iliuma, na mzee hakujifanya kwamba haikuuma.

Binti yake alikaa siku tatu bila kumsemesha. Siku ya nne alimletea chai, akaketi.

"Baba, nikitoka zamu nilikuwa navuka pale nimesinzia. Najiambia, baba ndiye aliyejenga, siwezi kuanguka."

"Najua, mama."

"Hujui," alisema, akaanza kulia. Mzee alimsogezea kikombe chake cha chai.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mhandisi wa mji alituma gari limchukue mzee, na binti akapanda naye. Bondeni nondo mpya zilikuwa zimeshafungwa, na mashine ya zege ilikuwa inazunguka.

"Mimi nimeshakagua," mhandisi alisema. "Nataka na wewe uangalie kabla hazijafunikwa."

Msimamizi wa chama alinuna. Timazi alipiga magoti, akanyoosha kiganja, dole gumba kwenye nondo moja na kidole cha mwisho kwenye ya pili, akasogea. Alizipima zote, safu kwa safu, mpaka jua likapanda na jasho likamlowesha shati. Binti yake alimfuata nyuma, ameshika koti.

Kwenye nondo ya mwisho mzee hakuinuka.

"Umeona?" alimuuliza binti yake.

"Nimeona, baba."

"Zote?"

"Zote."

Aliwageukia mafundi. "Haya," alisema. "Sasa funikeni."